Pedi ya Pili

Nianze na neno, maana najua kuna watakaocheka. Hapa kambini ukisema "pedi" watu wawili wanageuka: dada anayegawa vifaa vya usafi wa wasichana, na mtoto anayesubiri zamu kwenye banda la gemu. Leo nazungumzia ile ya gemu, kile kidude cha kushika mikononi chenye vitufe. Sisi wa Kongo na ndugu zetu wa Burundi tulikuwaga tunasema maneti, lakini mabanda yametufundisha kusema pedi, basi tuseme pedi.

Sababu ya kuandika ni hii. Msimu wa mvua uliopita, fundi redio mmoja wa zoni yetu alituletea kituo cha vijana mashine ya gemu ya zamani, zile za kaseti za njano, zenye pedi mbili za waya. Haikupita wiki tukasikia kuna wafadhili wanafikiria kutuletea mashine mpya ya kisasa. Vijana wakagawanyika. Wengi wakasema hii ya zamani irudi kwa fundi, ni takataka, inatia aibu. Wachache, na mimi nikiwemo, tukasema ngoja kwanza tuicheze. Tumecheza miezi miwili. Nimerudia gemu za utoto wangu moja baada ya nyingine, na nikazilinganisha na zile za PlayStation za mabandani.

Nilichokiona ni kwamba gemu tunazipima vibaya. Tunaangalia picha: hii picha yake nzuri, hii picha yake mbaya, basi. Mimi sasa napima kwa swali moja: yule aliyeshika pedi ya pili amepewa kazi gani?

Turudi nyuma kidogo. Mashine ya Atari iliyotoka Marekani mwaka 1977 ilikuwa na fimbo moja ya kusukuma na kitufe kimoja chekundu. Bibi yako angeielewa kwa dakika moja. Mwaka 1982 Mjapani mmoja wa kampuni ya Nintendo, Gunpei Yokoi, akaweka kitufe chenye umbo la msalaba kwenye gemu ndogo ya mkononi ya Donkey Kong, ili kidole gumba kimoja kiende juu, chini, kushoto na kulia. Mwaka uliofuata, 1983, Nintendo wakatoa Famicom kule Japani: msalaba kushoto, vitufe A na B kulia. Shika pedi yoyote leo, hata ya mwaka huu, utakuta mpangilio ule ule. Mashine yetu ya kaseti za njano ni mtoto wa nje wa hiyo Famicom. Baba hakumtambua, lakini sura ni ile ile.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Famicom iliuzwa na pedi mbili, na hazikulingana. Ya kwanza ilikuwa na Start na Select. Ya pili haikuwa navyo, mahali pake waliweka maikrofoni ndogo. Yaani mchezaji wa pili hakuweza kuanzisha mchezo wala kuusimamisha, ila aliweza kupiga kelele. Gemu chache sana ziliisikiliza hiyo kelele. Mashine hiyo ilipopelekwa Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES, maikrofoni ikaondolewa na pedi zote mbili zikawa sawa. Kwa hiyo swali langu la pedi ya pili si geni. Waliotengeneza walilikuta mezani tangu mwanzo.

Tuziangalie gemu zenyewe.

Super Mario Bros. ya mwaka 1985 kila mtu anaisifu, na kwa mkono mmoja inastahili sifa. Mario anaruka vile kidole kinavyotaka, ukifa unajua kosa ni lako. Lakini ichezeni wawili muone. Wa pili ni Luigi, na Luigi anasubiri Mario afe. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Ukikaa na kijana hodari unaweza kushika pedi nusu saa bila kubonyeza kitu, unamwombea tu mwenzako ajali. Hatuchezi pamoja, tunapeana zamu.

Kontra, yaani Contra ya mwaka 1988, ni afadhali. Wawili mnaingia pamoja, mnapiga pamoja, na risasi yako haimdhuru mwenzako. Sehemu kubwa ya mchezo ni raha tupu. Halafu mnafika kwenye maporomoko ya maji, ambapo mnapanda kwenda juu. Pale aliye hodari akipanda haraka, skrini inapanda naye, na aliyebaki chini anakufa. Hajapigwa na adui. Ameuawa na haraka ya rafiki yake. Nimeona marafiki wawili wakirushiana maneno makali kwa sababu ya yale maporomoko, na mimi nawaelewa wote wawili. Kwa upande mwingine, Kontra inajulikana kwa ile siri ya kupata maisha 30: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Siri hiyo ilianza kwenye gemu ya Gradius ya mwaka 1986. Mtengenezaji wake, Kazuhisa Hashimoto, aliiweka kwa sababu yeye mwenyewe gemu ilimshinda alipokuwa akiijaribu. Napenda hiyo habari. Hata aliyeijenga nyumba alihitaji kujiachia mlango wa nyuma.

Lakini gemu iliyonishangaza kuliko zote ni ile tuliyokuwa tunaiita gemu ya vifaru, Battle City, ya kampuni ya Namco, mwaka 1985. Picha yake ni mbaya, tuseme ukweli. Kifaru cha njano ni cha pedi ya kwanza, cha kijani ni cha pedi ya pili. Katikati chini kuna tai aliyezungushiwa matofali. Vifaru 20 vya adui vinakuja kila hatua, na tai akipigwa mchezo umeisha hata kama bado mna maisha. Na risasi yako mwenyewe inaweza kumuua tai. Tena risasi yako ikimgusa mwenzako, yeye hafi, anaganda tu hapo kwa muda huku maadui wanapita.

Angalieni vile imepangwa. Wa kijani ana nguvu sawa na wa njano. Hodari hawezi kukimbia peke yake mbele, maana nani atabaki na tai? Dhaifu ana kazi ya maana kabisa: akae nyuma alinde. Halafu lazima mzungumze. "Wewe kaa kushoto." "Usipige huko, utanigandisha!" Kituoni tuliwakalisha kijana wa Kongo na mdogo wake wa Burundi ambao walikuwa hawajawahi kusalimiana, na baada ya hatua tatu walikuwa wanagombezana kama ndugu wa tumbo moja. Ina kasoro: hatua 35 zikiisha inarudi mwanzo, na kelele zake zinachosha. Lakini kwa kipimo changu, pedi ya pili haijawahi kuheshimiwa kuliko pale.

Nisifiche na upande mwingine. Mama mmoja alisimama mlangoni mwa kituo siku hiyo, akaangalia vile vifaru, akauliza: "Hivi vita hamkuvishiba?" Sikuwa na jibu na sijalipata mpaka leo. Kumwambia mama aliyekimbia na watoto mgongoni kwamba hii ni gemu tu, ni kukosa adabu. Nilimwambia, "Samahani mama," nikampa kiti. Nilichofanya baadaye ni kuwafungulia watoto sehemu ya ujenzi iliyomo ndani ya gemu hiyo hiyo, ambapo unapanga mwenyewe matofali, chuma, maji na miti. Siku ya kwanza hawakupigana kabisa. Walipanga barabara, wakaweka mto, wakamzungushia tai chuma badala ya matofali. Yule mama alirudi akaangalia kimya, akaondoka. Sijui aliwaza nini.

Sasa tuje kwenye PlayStation. Ile ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1994 na pedi yenye maumbo manne: pembetatu, duara, ekisi na mraba. Aliyeichora ni Teiyu Goto. Duara kwake ilikuwa "ndiyo" na ekisi ilikuwa "hapana". Ndiyo maana zile sidii za Winning Eleven za Kijapani zilizofika mabandani zilikuwa zinakubali kwa duara, wakati za Ulaya zinakubali kwa ekisi. Sony wamelisawazisha hilo mwaka 2020 tu, na PS5, ekisi ikawa "ndiyo" hata kwa Wajapani. Lakini mimi nawasifu kwa maumbo yenyewe. Mtoto asiyejua kusoma anajua duara. Tulicheza gemu zenye maandishi ya Kijapani tupu, hakuna aliyejua herufi hata moja, na tulipita kwenye menyu zote kwa kukumbuka maumbo. Pedi hiyo haikumuuliza mtu ametoka wapi na anasema lugha gani.

Fimbo mbili za vidole gumba zilikuja mwaka 1997, na tangu hapo pedi haijabadilika sana kwa umbo. PS2 ikafuata mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani, na kwa macho yangu bado ndiyo mfalme wa mabanda. Hapa pedi ya pili ni mpinzani, na kwa mpira hilo ni sawa. Kuna ugomvi wa miaka mingi: kwenye PES shuti ni mraba, kwenye FIFA shuti ni duara, na aliyezoea moja akihamia nyingine anapiga krosi mbele ya goli tupu. Hilo ni la kucheka. Lisilo la kucheka ni sheria ya banda: aliyefungwa anaachia pedi. Yaani anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayecheza kidogo zaidi, na anayejua tayari anakaa mpaka jioni. Gemu yenyewe inaruhusu wawili kuwa timu moja dhidi ya mashine. Miaka yote niliyokaa mabandani sijaona hata mara moja. Hiyo si kasoro ya Wajapani, ni yetu.

Na za kisasa? Nitakuwa mkweli, maana wazee wa gemu za zamani tunapenda kudanganya. Pedi mpya zinakaa mkononi vizuri. Ile ya kaseti za njano ina kona kali, baada ya saa moja kidole gumba kinakuwa na lengelenge. Pedi ya PS5 ukivuta upinde kwenye gemu, kitufe cha nyuma kinakaza kama unavuta upinde kweli. Tena mwaka 2018 Microsoft walitoa pedi ya Xbox kwa watu wenye ulemavu, bapa, yenye vitufe viwili vikubwa vya duara na matundu ya kuchomeka vitufe vingine unavyoweza kuvibonyeza kwa goti, kiwiko au mguu. Kwenye kundi letu kuna kijana ambaye mkono wake mmoja haukunji vidole. Kwa gemu ya vifaru anaweka pedi sakafuni na kubonyeza kwa ngumi, na anajitahidi, lakini nikimtazama siwezi kusema zamani kila kitu kilikuwa bora.

Ila hesabuni vitufe. Msalaba, maumbo manne, vinne vya mabegani, fimbo mbili ambazo nazo zinabonyezwa, kibao cha kugusa katikati, na vingine vidogo vidogo. Mgeni akikaa siku ya kwanza anatazama mikono yake, hatazami skrini. Pedi haina waya, kwa hiyo ina betri, na betri inataka chaji, na sola yetu mnaijua siku za mawingu. Fimbo ikichakaa mchezaji anaanza kutembea mwenyewe, na kuibadilisha inataka chuma cha kulehemu na kipuri ambacho hapa hakipatikani. Ya zamani ikigoma unaifungua, unabandika kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara chini ya raba ya kitufe, inaendelea.

Na hili ndilo kubwa: Famicom ilikuja na pedi mbili kwenye boksi. PS2 ilikuja na moja. PS5 inakuja na moja. Mwenzako siku hizi anatakiwa awe nyumbani kwake, na mashine yake, na intaneti yake. Sisi tusio na hivyo vitatu, mwenzetu yuko hapa hapa kwenye mkeka, ananyoosha mkono.

Kuna jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo, sasa niliseme.

Nilipokuwa na miaka 11, jirani yetu alikuwa na mashine ya kaseti za njano, na alitupa nusu saa kila Jumamosi. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka 6, akilia anataka pedi. Nikampa ya pili. Lakini sikuichomeka. Nilificha ncha ya waya nyuma ya meza, mimi nikacheza Mario peke yangu, na yeye akabonyeza pembeni yangu, akiruka na mwili mzima kila Mario akiruka. "Yaya, nimeruka vizuri?" Nikamwambia vizuri sana. Ilienda hivyo Jumamosi nyingi. Siku moja aliuvuta waya, ukaja wote mpaka ncha ikamfikia mkononi. Hakulia. Aliiweka pedi chini taratibu, akatoka kwenda kuchota maji na wenzake. Hakurudi tena kwa jirani.

Najua wengi mnaosoma hapa mmefanya hivyo kwa wadogo zenu, na mlicheka. Mimi pia nilicheka.

Mwaka mmoja, nikiwa tayari nafanya kazi na vijana, tuliitwa kwenye kikao cha ushirikishwaji. Tuliulizwa tunataka nini. Tukaandika kwenye makaratasi makubwa ya ukutani, tukabandika vikaratasi vya rangi, tukapigwa picha, tukanywa soda. Nilisimama nikaongea vizuri, watu wakapiga makofi. Baada ya kikao nikasikia kwamba vifaa vilishaagizwa kabla hatujaitwa. Simtaji mtu, na aliyeendesha kikao alikuwa mtu mwema. Nilikaa kwenye benchi nikamkumbuka mdogo wangu. Nimeruka vizuri?

Ndugu zangu wa mashirika, najua jarida hili mnalisoma, na siandiki kuwasuta. Niliyempa mtoto pedi isiyochomekwa ni mimi. Nasema tu kwamba aliyeishika hawezi kujua kwa kutazama skrini. Mpaka aufuate waya.

Kwa hiyo kuhusu mashine mpya, maoni yangu ni haya. Ije, tutashukuru. Lakini isije na pedi moja. Na gemu zake zichaguliwe na vijana wenyewe kabla hazijanunuliwa, na wasichana wawemo kati ya wanaochagua, tukianza na zile ambazo wa pili ana kazi ya maana. Ya zamani ibaki pale ilipo. Kituoni tumeshaweka sheria: pedi ya kwanza ashike anayejua, ya pili ashike ambaye hajawahi, na aliyefungwa haachii. Vijana wa mabandani wanalalamika. Wacha walalamike.

Mdogo wangu sasa ana miaka 21. Nilimwita mwezi uliopita aje aone gemu ya vifaru. Alisita, akaja. Nikampa ile ya kijani. Hakuitazama skrini. Alishika waya, akaufuata kwa vidole mpaka kwenye mashine, akausukuma kuona kama umeingia sawasawa. Ndipo akakaa. Hatukusema kitu. Tulifika hatua ya sita, na tai aliuawa na risasi yangu.

Mwenye pedi mbovu nyumbani asizitupe. Leteni kituoni, hata zilizokatika waya. Raba na nyaya tunazihitaji, karatasi za sigara tunazo.